Émile Reynaud, Mtu Aliyezipa Picha Mwendo

1. Nyumba ya wazazi wake

Karibu na Paris, mji mkuu wa Ufaransa, pana mji uitwao Montreuil. Huko ndiko alikozaliwa Émile Reynaud, tarehe 8 Desemba 1844. Wazazi wake hawakuwa matajiri, wala hawakuwa maskini wa kukosa chakula. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vidogo vidogo na mchongaji wa medali. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule, tena alikuwa na ujuzi wa kupaka picha kwa rangi za maji.

Émile hakupelekwa shuleni kama watoto wengine, bali wazazi wake walimfundisha wenyewe nyumbani. Kwa mama yake alijifunza kusoma, kuandika na kuchora. Kwa baba yake alijifunza kushika tupa na koleo, na kutengeneza vitu ambavyo kosa la unene wa unywele laweza kuviharibu. Basi tangu utoto mikono yake ilizoea kazi mbili ambazo si rahisi kukutana katika mtu mmoja, yaani kazi ya brashi na kazi ya tupa. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwa maana chombo kilichompa sifa baadaye kisingaliweza kutengenezwa na mchoraji asiyejua ufundi, wala na fundi asiyejua kuchora.

Alipokuwa kijana wa miaka 14 hivi, alipelekwa Paris katika karakana ya vyombo vya elimu, akawa mwanagenzi. Baada ya hapo alifanya kazi kwa mpiga picha mmoja, ambako kazi yake ilikuwa kurekebisha picha kwa brashi nyembamba ili dosari zisionekane. Kazi ile ilimfundisha subira, na pia ilimfundisha kutazama. Mtu anayerekebisha uso wa mtu mwingine katika picha hana budi kujua jinsi kivuli kidogo tu kinavyoweza kugeuza huzuni ikawa kicheko.

2. Padre na taa ya picha

Siku zile alikuwapo Paris padre mmoja aitwaye Moigno, mtu mwenye elimu nyingi. Padre huyu aliona kwamba elimu ya vitu vya ulimwengu ilifungiwa katika vyuo vikuu, na watu wa kawaida hawakuipata. Kwa hiyo aliwakusanya watu, akawafundisha kwa msaada wa taa ya picha. Taa hiyo ni sanduku lenye taa kali ndani yake, na mbele ya taa huwekwa kipande cha kioo kilichochorwa picha. Nuru hupita katika picha ile na katika kioo cha kukuza, ikatupa picha kubwa juu ya kitambaa cheupe, na watu wote waliomo chumbani huiona pamoja.

Mwaka 1864 Reynaud alikuwa msaidizi wa padre huyu. Yeye alitayarisha taa na picha, akajifunza jinsi ya kuushika moyo wa watu waliokaa gizani. Akaona kwamba jambo gumu ambalo maneno elfu hayakuweza kulieleza, lilieleweka kwa kutazama picha moja iliyochorwa vizuri. Walakini picha zile zote zilikuwa zimesimama. Farasi aliyeinua mguu aliuinua hata mwisho wa somo, wala hakuutia chini kamwe.

Mwaka uliofuata, yaani 1865, baba yake alifariki dunia. Reynaud akaondoka Paris pamoja na mama yake, wakaenda kukaa Le Puy, mji wa milimani katika sehemu za kusini ya kati ya Ufaransa, ambako palikuwa na jamaa za baba yake. Huko aliendelea kujisomea elimu za namna nyingi. Na tangu mwaka 1873 yeye naye alianza kuwafundisha watu wa mji ule jioni, kwa taa ya picha, kama alivyojifunza kwa padre. Watu walimpenda, kwa kuwa alieleza mambo kwa upole, na vyombo alivyovitumia alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

3. Sanduku la biskuti

Ili kufahamu kazi aliyoifanya Reynaud, mtu na achukue daftari, achore katika pembe ya kila ukurasa umbo la mtu anayekimbia, na kila mara aubadilishe mguu kidogo tu. Kisha ayapeperushe majani ya daftari upesi kwa kidole gumba. Yule mtu ataonekana anakimbia, ingawa kila picha peke yake imesimama. Sababu yake ni kwamba picha zinazofanana zikifuatana upesi, macho na akili ya mtu haziwezi kuzitenga moja moja, bali huziunganisha zikawa mwendo mmoja.

Jambo hili lilikuwa limejulikana kabla ya Reynaud. Mwaka 1832 mtaalamu wa Ubelgiji aitwaye Joseph Plateau alitengeneza kisahani cha kuzunguka chenye picha na nyufa. Baadaye watu wengine walitengeneza pipa dogo lenye nyufa ubavuni, na utepe wa picha ndani yake. Pipa lilizungushwa, na mtazamaji akachungulia katika nyufa akaona picha zikicheza. Lakini vitu hivyo vilikuwa na kasoro kubwa. Nuru iliyopita katika nyufa nyembamba ilikuwa haba, kwa hiyo picha zilionekana zimefifia kama vitu vya usiku, na rangi zao zilipotea.

Reynaud alilifikiri jambo hilo kwa muda. Husimuliwa ya kuwa katika mwaka 1876 alichukua sanduku kuukuu la biskuti, akalifanya kuwa chombo cha kujaribia. Aliziondoa nyufa kabisa. Mahali pa nyufa alisimamisha vioo 12 vya kujitazamia, vimepangwa duara katikati ya pipa, na utepe wenye picha 12 ukauzunguka ukuta wa pipa kwa ndani. Kila kioo kilionyesha picha moja iliyokielekea. Pipa lilipozunguka, vioo vilipokezana picha kwa upole bila ya giza kuingia kati. Mtazamaji hakuwa na haja ya kuchungulia tena. Alitazama vioo tu, akaona picha safi, yenye nuru na rangi zake zote, ikicheza mbele yake.

Chombo hiki alikiita praksinoskopu, jina lililotoka katika lugha ya Kiyunani, maana yake ni kuutazama mwendo. Tarehe 30 Agosti 1877 alikiandikisha serikalini ili mtu mwingine asikiige. Kisha alirudi Paris, akafungua karakana ndogo, akaanza kuvitengeneza na kuviuza. Katika Maonyesho Makubwa ya Dunia yaliyofanyika Paris mwaka 1878 alipewa cheti cha sifa. Watu walivinunua kwa ajili ya watoto wao. Ndani yake waliona mtoto akipuliza mapovu ya sabuni, na mwanamke akiogelea majini, na mengine mengi. Mwaka 1879 Reynaud alioa, akapata watoto wawili wa kiume, na biashara yake ndogo ikawalisha.

4. Kutoka picha 12 hata picha 700

Mtu mwingine angalitosheka. Alikuwa na mke, watoto, kazi na jina. Lakini Reynaud aliona upungufu katika chombo chake. Picha 12 zilikuwa haba mno. Mtoto alipuliza povu lake, povu likapasuka, naye akapuliza tena lile lile, na tena lile lile, kama mtu aliyefungwa katika duara. Hapakuwa na mwanzo wala mwisho. Tena chombo kilitazamwa na watu wachache tu waliokizunguka meza. Reynaud alikumbuka vyumba vyenye giza vya Padre Moigno, vilivyojaa watu. Akatamani kuona picha zenye mwendo zikisimulia hadithi nzima mbele ya watu wengi kwa wakati mmoja.

Akaifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, akikijaribu chombo hiki na kile, hata mwaka 1888 akafaulu. Chombo chake kipya alikiita Théâtre Optique, yaani jumba la michezo ya macho. Badala ya utepe mfupi uliofungwa duara, alitengeneza utepe mrefu kama alivyotaka, unaotoka katika gurudumu moja na kuzongwa katika gurudumu la pili. Utepe huo ulikuwa na vipande vya mraba vya jelatini inayopitisha nuru, na kila kipande kilipakwa picha moja. Kati ya picha na picha palitobolewa tundu, na gurudumu lilikuwa na meno yaliyoingia katika matundu yale, ili picha zisipotee njia. Taa kali iliipitisha nuru yake katika picha, vioo vikaipokea, na kioo cha kukuza kikaitupa juu ya kitambaa kikubwa. Taa ya pili ilitupa picha ya mahali, kama bustani au pwani, ambayo haikuondoka. Hivyo watu waliochorwa walionekana wakitembea ndani ya bustani ile au juu ya pwani ile.

Fikiri sasa kazi ya mikono iliyotakiwa. Hadithi yake ya kwanza, iitwayo Un bon bock, ilikuwa na picha 700 katika utepe wa mita 50. Hadithi ya Pauvre Pierrot, maana yake Maskini Pierrot, ilikuwa na picha 500. Ile ya mchekeshaji na mbwa wake ilikuwa na picha 300. Kila picha aliichora yeye mwenyewe, akaipaka rangi yeye mwenyewe, na pembeni mwa kila umbo akapaka rangi nyeusi ili nuru isipite. Picha iliyofuata ilitofautiana na ile ya kwanza kidogo tu, pengine kwa upana wa ukucha, na kama mkono wa mchoraji ulikosea, yule mtu juu ya kitambaa angerukaruka kama mwenye kifafa. Wahenga walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Reynaud kilijazwa kwa brashi, tone kwa tone.

5. Jioni za Grévin

Katika Paris ilikuwapo nyumba ya maonyesho iitwayo Musée Grévin, iliyojaa sanamu za nta za watu mashuhuri. Wenye nyumba hiyo walipenda kuwapatia wageni wao jambo jipya. Wakafanya mkataba na Reynaud katika Oktoba 1892. Walipatana kumpa faranga 500 kila mwezi, na sehemu moja katika kumi ya fedha za viingilio. Lakini masharti yalikuwa mazito. Reynaud alipaswa kuviendesha vyombo na kuvitunza, na kuchora hadithi mpya, wala hakuwa na ruhusa ya kuonyesha kazi yake mahali pengine. Yeye, kwa furaha ya kupata nyumba, akatia sahihi.

Tarehe 28 Oktoba 1892 watu walikaa gizani mbele ya kitambaa cheupe. Nyuma ya kitambaa, mahali wasipomwona, alisimama Reynaud, mkono mmoja juu ya gurudumu hili na mkono mmoja juu ya gurudumu lile. Mtunzi wa nyimbo aitwaye Gaston Paulin alipiga piano. Ndipo bustani ya usiku ikatokea, na ukuta wake, na nyumba ya msichana Colombine. Arlequin akaruka ukuta aje kumwona. Mara Pierrot akaja naye, amechukua maua na chombo chake cha nyuzi, ili amwimbie msichana yule yule. Arlequin akajificha, akamtisha Pierrot na kumpiga kwa fimbo, hata maskini akakimbia. Fimbo ilipompiga, sauti yake ilisikika chumbani, kwa sababu Reynaud alikuwa ametia vipande vya madini katika utepe, vilivyoamsha kipigo mahali pake hasa.

Watu wa Paris walikuwa hawajaona kitu kama hiki. Yapasa kukumbuka kwamba sinema ilikuwa haijaonyeshwa bado kwa watu waliolipa kiingilio na kukaa pamoja mbele ya kitambaa. Walichokitazama hakikuwa watu waliopigwa picha, bali rangi na mistari iliyotoka katika mkono wa mtu mmoja. Tena Reynaud hakuuzungusha utepe kwa mwendo mmoja tu kama saa. Aliposikia watu wanacheka, aliusimamisha. Alipotaka, aliurudisha nyuma, akamfanya Pierrot asitesite, kisha akampeleka mbele tena. Kwa ufundi huu utepe wenye picha 500 uliweza kudumu robo saa. Alikuwa kama msimuliaji wa hadithi ajuaye lini anyamaze na lini aendelee.

Maonyesho yaliendelea mwaka hata mwaka. Mwaka 1894 yalisimama kwa miezi kadhaa, ili Reynaud apate nafasi ya kuchora hadithi mpya, maana tepe zilikuwa zimechakaa kwa kutumiwa mno. Hapo ndipo alipoichora Autour d'une cabine, hadithi ya watu wanaooga baharini, yenye picha 636. Mwisho wake mtu hutokea katika mashua, akakunjua tanga, na juu ya tanga yameandikwa maneno ya kuwaaga watazamaji. Tangu mwaka 1892 hata 1900 maonyesho yalifika 12,800 hivi, na watu zaidi ya 500,000 waliingia kuyatazama.

6. Chombo cha ndugu wawili

Tarehe 28 Desemba 1895, katika mkahawa uitwao Grand Café, katika Paris ile ile, watu 33 hivi walilipa kiingilio cha faranga moja kutazama chombo kipya cha ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière. Chombo hicho kilipiga picha za vitu vyenyewe na kuzionyesha. Watu waliona wafanyakazi wakitoka kiwandani, na mtoto mchanga akilishwa na wazazi wake. Hiyo ndiyo sinema.

Hesabu ndogo itaonyesha msiba uliomjia Reynaud. Utepe mmoja wa ndugu Lumière ulikuwa na urefu wa mita 17, na picha 800 hivi, nao ulimalizika kwa muda usiofika dakika moja. Lakini picha zote 800 zilipigwa kwa muda huo huo usiofika dakika. Reynaud, kwa kuchora picha 700, alitumia miezi. Na utepe wa sinema uliweza kunakiliwa mara nyingi ukapelekwa nchi nyingi, lakini utepe wa Reynaud ulikuwa mmoja tu ulimwenguni. Ulipokatika, ilimpasa kuuunga. Ulipofifia, ilimpasa kuupaka upya.

Haifai kusema kwamba Reynaud alikaa kitako akilalamika. Mwaka 1896 aliitumia kamera yeye pia. Aliwapiga picha wachekeshaji wawili waliopendwa sana Paris, Footit Mwingereza na Chocolat, mtu mweusi mzaliwa wa Cuba, wakicheza mchezo wao wa Guillaume Tell. Kisha akazichagua picha zilizomfaa, akazirekebisha na kuzipaka rangi kwa mkono. Kazi ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya polepole. Watu walikuwa wamekwisha kuonja upesi, na kila juma walitaka kitu kipya. Nyumba za sinema ziliongezeka, viingilio vya Grévin vikapungua. Mwishoni mwa Februari mwaka 1900 maonyesho yake yalifungwa.

7. Mto Seine

Reynaud alikuwa na umri wa miaka 55. Hakuacha kufikiri. Alitengeneza chombo kingine cha kuonyesha picha zenye mwendo ambazo zilionekana kama vitu vyenye unene, wala si bapa kama karatasi. Lakini hakupata mtu wa kumpa fedha ili kazi iendelee. Fedha za nyumbani zikapungua, na majirani waliomjua zamani wakamsahau. Katika magazeti watu walisifu sinema, na jina la mtu aliyezipa picha mwendo mbele yao miaka mitatu kabla ya sinema halikutajwa.

Huzuni ikamshinda. Siku moja alichukua nyundo, akakivunja chombo chake cha Théâtre Optique, akaviuza vipande vyake kwa bei ya chuma chakavu. Kisha, kati ya mwaka 1910 na 1913, alizichukua tepe zake akaenda nazo kando ya mto Seine unaopita katikati ya Paris, akazitupa majini. Mamia ya picha alizozichora kwa mkono wake, miaka ya macho kuuma na mgongo kuinama, zikachukuliwa na maji.

Huenda mtu akamlaumu. Wahenga walisema, Hasira hasara. Lakini kabla ya kumlaumu, heri kufikiri jinsi ilivyo kwa mzee kukaa katika chumba kimoja na kazi ya maisha yake, na kuona kwamba hapana mtu anayeuliza habari zake. Hakuzitupa kwa sababu hakuzipenda. Alizitupa kwa sababu aliamini ya kuwa kamera imekwisha kuiua kazi ya kuchora mwendo, na kwamba kitu kilichokufa huzikwa.

Na hapo ndipo alipokosea. Katika Agosti 1908, kabla tepe hazijafika mtoni, mchoraji mwingine wa Paris, Émile Cohl, alikuwa amekwisha kuonyesha filamu fupi iitwayo Fantasmagorie. Cohl alichora picha 700 hivi katika karatasi, kisha akazipiga picha moja moja kwa kamera ya sinema, akaziunganisha. Mistari ilicheza juu ya kitambaa, ikageuka mtu, ikageuka tembo, ikageuka ua. Kazi ile ile ya Reynaud ilikuwa imerudi, na safari hii kamera haikuwa adui wa brashi bali mtumishi wake. Kamera ilifanya kazi ya kunakili na kuonyesha, na mkono wa mchoraji ukabaki na kazi yake ya kuwaza na kuchora.

Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, taabu ilizidi katika Ufaransa yote. Reynaud aliugua, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa na wazee huko Ivry, kando ya Paris. Alifariki tarehe 9 Januari 1918, mwenye umri wa miaka 73, akazikwa bila fahari.

8. Kilichobaki

Katika hadithi zote za Théâtre Optique, tepe mbili zilisalimika, nazo ni Pauvre Pierrot na Autour d'une cabine. Wataalamu walizirekebisha, na leo watu huweza kuzitazama tena, pamoja na bustani ya Colombine na mtu wa mashua mwenye tanga. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliandika kazi za Reynaud katika orodha ya kumbukumbu za dunia zinazopasa kulindwa. Na tangu mwaka 2002 wachoraji wa picha zenye mwendo katika nchi nyingi huadhimisha siku yao tarehe 28 Oktoba, kwa kukumbuka jioni ile ya mwaka 1892 katika Musée Grévin.

Kazi yenyewe imekua mno. Mwaka 1937 karakana ya Walt Disney huko Marekani ilionyesha hadithi ndefu ya Snow White, iliyochorwa na mamia ya watu waliogawana kazi ambayo Reynaud aliifanya peke yake. Mwaka 1995, miaka 100 baada ya chombo cha ndugu Lumière, ilitoka Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Kila kilipokuja chombo kipya, wako waliosema kwamba sasa mchoraji amekwisha. Lakini tembo wa kuchorwa hatembei mpaka pawepo mtu anayejua jinsi tembo anavyohamisha uzito wake kutoka mguu huu hata mguu ule. Na ujuzi huo hauuzwi pamoja na chombo.

Maisha ya Émile Reynaud yanafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtu anayejifunza kazi kwa mikono yake mwenyewe, na kuitia moyo wake wote, aweza kuona jambo ambalo ulimwengu haujaliona bado. La pili ni kwamba mtu asiihukumu kazi yake katika siku ya huzuni yake. Maji ya Seine hayakurudisha zile tepe nyingine. Watoto wa siku hizi wanaocheka mbele ya picha zenye mwendo hawamjui Pierrot wala aliyemchora. Walakini, kila picha inapomfuata mwenzake na mtu aliyechorwa akainua mguu wake na kuutia chini, ile kazi iliyoanza katika sanduku la biskuti inaendelea.